Kwa Mwajuma, kuhusu 10,000 Maniacs

Mpendwa Mwajuma,

Salamu nyingi kwako, kwa mama na kwa wadogo zako. Huku sote wazima.

Umeniandikia kwamba ile bendi ya Marekani, 10,000 Maniacs, iliisha mwaka 1993, mwimbaji wao Natalie Merchant alipoondoka. Hapo nakukatalia, shoga yangu.

Natalie mwenyewe simtoi kasoro. Alijiunga nao Jamestown, mji mdogo wa jimbo la New York, mwaka 1981, akiwa msichana wa miaka 17, na mashairi yake nayapenda mpaka leo. Chukua “What’s the Matter Here?” ya mwaka 1987: jirani anajua mtoto wa watu anapigwa, anatamani kuuliza kulikoni, mdomo unakuwa mzito. Sasa usikilize tena, ila mwache mwimbaji, fuata gitaa la Robert Buck. Jepesi, linametameta, linakwenda zake kana kwamba mtaani kumekucha salama. Ndiyo maana maneno yale yanachoma. Na “These Are Days” waliitunga wao wawili, Buck na Natalie. Mbona Buck hatajwi?

Onyesho lao la Unplugged la 1993, lile la MTV la kupiga muziki bila ala za umeme, watu hulikumbuka kwa “Because the Night”. Mimi humtazama Mary Ramsey na viola yake, ile ndugu kubwa ya fidla. Kumbe alikuwapo tayari! Natalie alipokwenda zake, Mary akashika uimbaji, na John Lombardo, mmoja wa waanzilishi aliyejitoa 1986, akarejea. Mwaka 1997 wakatoa albamu ya Love Among the Ruins. Haikuuza kama In My Tribe, albamu yao ya 1987, lakini ubovu haukuwa sababu. Watu walikuwa wakimtafuta Natalie ndani yake.

Msiba wenyewe ulikuja Desemba 2000. Buck alifariki kwa maradhi ya ini, na umri wake miaka 42 tu. Hapo ungesema bendi imekufa, ningenyamaza. Lakini Dennis Drew hakuacha kinanda, Steven Gustafson hakuacha besi, Jerry Augustyniak hakuacha ngoma. Mwaka 2015 wakatoa albamu ya Twice Told Tales, nyimbo za jadi za Uingereza na Ireland. Bendi iliyokuwa na ladha ya muziki wa kale tangu mwanzo ikaufuata hadi kwenye chimbuko lake, na viola ya Mary ndiyo inayoongoza njia.

Isikilize yote kabla hujanijibu, tena kwa spika nzuri, si kwa simu. Kisha uniambie kama bado unaona walikwisha.

Wako akupendaye,
Zuhura