RISALA YA KIKUNDI CHA DIAKONIA KWA MGENI RASMI, IBADA YA KUWAAGA WAGENI WA KAMBI YA MATIBABU

Ndugu Mgeni Rasmi, Mganga Mkuu wa Wilaya, Mheshimiwa Diwani wa kata yetu, Baba Mkuu wa Jimbo, Mchungaji Kiongozi, wageni wetu kutoka Minnesota, wazee wa kanisa, wanakwaya, na ninyi nyote mliopanda mlima huu leo.

Bwana Yesu asifiwe! Kwa ndugu zetu Waislamu mliotoka kijiji cha jirani, asalaam aleikum. Na kwa wote, kamwene!

Ndugu Mgeni Rasmi,
Tunakushukuru kwa kukubali mwaliko wetu, hasa kwa barabara ile tunayoijua sote. Idadi ya wagonjwa walioonwa, waliong'olewa meno na waliopewa rufaa imeshafika ofisini kwako kwa mkono wa mganga mfawidhi wa zahanati, kwa hiyo hatutaisoma tena hapa. Tumeomba nafasi hii tuseme jambo ambalo halina safu yake katika vitabu vya MTUHA, vile vya takwimu za huduma za afya: kambi hizi zimetufanya nini sisi kama kanisa.

Undugu huu haukuanzia kwenye usharika wetu. Dayosisi ya Iringa ya kanisa letu la Kilutheri, KKKT, na Walutheri wenzetu wa Sinodi ya Saint Paul, Minnesota, walishikana mikono tangu miaka ya 1980, wakauita Bega kwa Bega. Sharika za huku zikapata sharika rafiki za kule, na tunaombeana hata mwaka ambao hakuna aliyepanda ndege. Na habari ya mganga kuongozana na mhubiri ni ya zamani zaidi katika nchi zetu. Daktari Albert Cook alianzisha hospitali ya Mengo kule Uganda mwaka 1897. Wanorwei walifungua hospitali ya Haydom, huko Mbulu, mwaka 1955. Hospitali ya KCMC ya Moshi ilifunguliwa mwaka 1971 chini ya Shirika la Msamaria Mwema.

Ila wale wa zamani walikuja kukaa. Cook aliishi Uganda mpaka alipofariki mwaka 1951. Wageni wa siku hizi wana likizo ya wiki mbili, na ikiisha wanawahi ndege Dar es Salaam. Hatuwalaumu, wana kazi na watoto kwao. Lakini wewe ni mganga, Ndugu Mgeni Rasmi, unajua kwamba presha haina likizo. Mama anapimwa kambini, anakutwa na presha ya kutisha, anapewa vidonge vya mwezi mmoja. Mwezi wa pili yuko na nani?

Swali hilo ndilo lililozaa kikundi hiki cha diakonia, yaani huduma ya kanisa kwa wagonjwa na wahitaji. Katika kipindi kimoja cha Biblia tulisoma habari za Msamaria mwema, na mwinjilisti wetu akatuuliza tunajiona wapi katika habari ile. Wengi walisema sisi ndio yule majeruhi wa njiani. Akatuambia tusome mpaka mwisho: Msamaria alikuwa msafiri, alilala usiku mmoja, asubuhi akatoa fedha akaenda zake. Aliyebaki na mgonjwa ni mwenye nyumba ya wageni. Hakuna anayemhubiri yule, wala hakuna hospitali yenye jina lake, lakini ndiye aliyebadilisha bandeji. Tangu siku ile tulijua nafasi yetu.

Ndugu Mgeni Rasmi,
Kila jumuiya ilichagua watu wawili. Muuguzi wa zahanati akawafundisha kupima presha, kutambua dalili za kiharusi, na kumgeuza mgonjwa wa kitandani. Jumatano jioni ni siku ya kutembelea. Tulidhani tunaanzisha kazi ya afya, kumbe maombi yetu ndiyo yalikuwa yanaenda kupona.

Zamani tuliombea "wagonjwa wote popote walipo", tukasema amina, tukaendelea na matangazo. Siku hizi tunaomba kwa majina. Tunamwombea babu fulani ambaye mkono wake wa kulia haujarudi, na binti yake aliyechoka kumnyanyua. Mzee wa kanisa mmoja aliwahi kumwomba Mungu ailinde betri ya mashine ya presha mpaka mwisho wa mwezi. Tulicheka, tukaitikia amina, na tuliimaanisha.

Kijana mmoja wa kwaya, ambaye leo amesimama hapo nyuma na hapendi atajwe, alikuwa haingii kwenye chumba cha mgonjwa. Siku ya kwanza alibaki mlangoni na kanga ameibana puani, maana kidonda cha mgongo cha yule babu kilikuwa kimeoza. Wiki iliyofuata alishika beseni. Baadaye yeye ndiye aliyekuwa akimwosha yule babu, akimwimbia sauti ya pili peke yake, wimbo bila sauti ya kwanza. Mchungaji wetu anasema amehubiri juu ya upendo miaka mingi bila kupata kielelezo kama kile.

Sadaka nayo imebadilika. Mtu aliyezoea kupokea huona haya kutoa, anafikiri cha kwake ni kidogo. Sasa baada ya mavuno wanaleta mahindi, debe kwa debe, na kwa mahindi hayo tuliwakatia wajane kadi za CHF iliyoboreshwa, ile bima ya Mfuko wa Afya ya Jamii, wakati huo ikiwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita. Hakuna hata senti ya Minnesota katika kadi hizo. Tunalisema hili mbele ya wageni wetu kwa sababu wao wenyewe walifurahi kuliko sisi walipolisikia.

Nao hawakuondoka kama walivyokuja. Muuguzi wao mmoja alimpima bibi yetu macho, akamvisha miwani ya kusomea. Bibi akafungua kitabu cha nyimbo alichokuwa akikishika kwa mazoea tu, akasoma ubeti mzima kwa sauti, halafu akamshika mgeni mkono akamwambia, "Sasa niombee." Mgeni akakwama. Alituambia kupitia mkalimani kwamba hospitalini kwao hakuna aliyewahi kumtaka hivyo, na kanisani kwao anayeomba kwa sauti ni mchungaji. Bibi akasema, "Basi nitakuombea mimi." Akamwombea kwa Kihehe, kwa kirefu, foleni ikasimama. Wageni wametueleza kwamba usharika wao sasa una watu wanaozungukia wazee wanaoishi peke yao wakati wa theluji, na kwamba wazo hilo walilichukua kwetu. Sisi tuliwapa bila kujua.

Palikuwa na mvutano pia, tusifiche. Wapo washarika waliotaka mhubiri asimame mbele ya foleni na kipaza sauti. Wazee walikataa, na tunaona walikuwa sahihi: dawa si chambo. Mtu mwenye jino linalomuuma anaweza kukubali lolote alimradi liondoke. Anayetaka kuombewa, chumba kipo, mlango uko wazi. Kwa sababu hiyo sheikh wa kijiji cha jirani aliitangaza kambi msikitini bila wasiwasi, na watu wake walikuja.

Ndugu Mgeni Rasmi,
Lipo jambo linalotuumiza. Kila inapokaribia miezi ya kambi, watu huacha kwenda zahanati. Mtu ana uvimbe, ana kikohozi cha wiki kadhaa, anasema "nawasubiri Wazungu". Huo ni ugonjwa wa mwili na wa imani pamoja, na wageni wetu hawakuuleta kwa kusudi. Tunaamini utapungua watu wakiona daktari wetu ndiye anayeongoza kambi na mgeni ndiye anayemsaidia.

Kwa hiyo tuna maombi machache. Tunaomba ofisi yako itupatie daktari wa wilaya wa kusimamia kila kambi tangu siku ya kwanza. Tunaomba dawa za presha na kisukari zisikatike zahanati, kwa kuwa tunapowafikia wagonjwa na vidonge havipo, tunabaki na maombi tu, nayo hayashushi presha ya mtu aliyeandikiwa dawa. Tunaomba mafunzo ya kila mwaka kwa wale wanaotembelea majumbani. Na tunaomba utusaidie kufuatilia mapema usajili wa muda wa madaktari wageni katika Baraza la Madaktari, na kibali cha TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, cha dawa wanazokuja nazo, ili pasitokee tena sanduku la dawa zilizobakiza wiki chache kwisha muda, kama tulivyoletewa na kundi jingine, si hawa.

Mwisho, tumekuandalia jogoo na gunia la mahindi. Jogoo ni wako na familia. Gunia tunaomba ulifikishe jikoni kwa ndugu wanaouguza wodini, hasa wale waliotoka mbali.

Ndugu Mgeni Rasmi, naomba kuwasilisha.

Risala hii imeandaliwa na Kikundi cha Diakonia na kusomwa kwako na Katibu wa kikundi.