Mwajiri wa zamani hanipi hati ya kodi, na mdogo wangu bado yuko kwake

Ndugu Mshauri,

Niliacha kazi mwezi wa saba, kwa amani kabisa. Notisi niliitumikia hadi siku ya mwisho, kompyuta na funguo nikakabidhi, fomu ikasainiwa. Kitu kimoja tu sikukidai siku ile, nacho ndicho kinachoninyima usingizi sasa: hati ya makato ya kodi. Ile karatasi inayoonyesha nililipwa jumla kiasi gani tangu mwaka uanze hadi nilipoondoka, na kodi iliyokatwa humo ni kiasi gani.

Kusema kweli, wakati ule hata kazi yake sikuijua. Kodi ilikuwa ikikatwa kabla mshahara haujafika benki, nikaona hayo ni ya mhasibu na serikali. Nikakaa miezi 2 bila kazi, kisha nikapata hapa nilipo. Mhasibu wa hapa, mama mmoja asiye na haraka, ndiye aliyenifumbua macho. Aliitazama slipu ya mshahara wangu wa mwisho kule nilikotoka, akacheka. "Mwanangu, hapa ulikatwa ukakatika."

Mwezi ule nililipwa mshahara, siku za likizo nilizokuwa sijazichukua na malimbikizo ya saa za ziada, vyote kwa mkupuo mmoja. Hesabu ya mwezi huutazama mwezi peke yake, kwa hiyo sehemu ya juu ya fedha zile ilitozwa kwa kiwango kikubwa. Ukichanganya na miezi 2 niliyokaa mikono mitupu, pato langu la mwaka mzima halifiki huko. Huenda nilikatwa kuliko ninachodaiwa, na huenda nikarudishiwa tofauti mwaka ukifungwa. Nasema huenda kwa sababu bila hati ile hata mama yule hawezi kupiga hesabu kamili, wala mimi siwezi kusaini ritani yangu, ile fomu ya kutangaza mapato na kodi ya mwaka, kwa moyo mweupe.

Nilianza kwa simu. Mhasibu wa zamani akasema wiki ijayo, na wiki ijayo hiyo imezaa nyingine hadi sasa zimefika 6. Nikaandika barua pepe, nikataja tarehe niliyoanza, niliyoacha na namba yangu ya mlipakodi, wasije wakasema hawanijui. Kimya. Nikaenda mwenyewe. Mlinzi tuliyekuwa tukitaniana kila asubuhi akaniambia, macho chini, kwamba ameagizwa nisivuke mapokezi. Na pale mapokezi nikaambiwa hati hizo ni za wafanyakazi waliopo. Mimi si mwanasheria, lakini hoja hiyo haikuniingia: kodi ilikatwa kwenye jasho langu, nipo nisipo.

Ndipo shaka ikaniingia. Mwenzangu tuliyeacha kazi pamoja aliulizia kumbukumbu zake ofisi ya mapato, akakuta miezi kadhaa haina kitu, ilhali slipu zake zinaonyesha makato kila mwezi. Zangu bado sijaziulizia. Naogopa nitakachokikuta.

Ningekuwa peke yangu ningeshalalamika zamani. Tatizo ni mdogo wangu. Mimi ndiye niliyemwombea kazi pale, na mkataba wake unakaribia kwisha. Nikifikisha jambo hili kwa maafisa wa kodi, hakuna atakayejiuliza habari imetokea wapi, maana jina la ukoo ni moja. Yeye mwenyewe ananiambia, "Kaka, achana na hela hizo, utapata nyingine." Mama yetu naye ananisihi nisimwage unga wa mwenzangu. Lakini kama makato yangu hayakufikishwa, yake yanafika? Siku akiondoka si atakwama hapa hapa?

Slipu ninazo za miezi 5 kati ya 7. Za miwili zilipotea nikihama nyumba, uzembe wangu mwenyewe. Taarifa ya benki ninayo, ila mama mhasibu anasema inaonyesha kilichobaki baada ya makato yote, yaani kodi, pensheni na mkopo wa ushirika kwa pamoja, kwa hiyo peke yake haitoshi kuthibitisha kodi ilikuwa ngapi.

Naomba unishauri. Nijaze ritani kwa slipu hizi, nieleze wazi pengo la miezi 2? Au kwanza nimwandikie mwajiri barua moja ya mwisho yenye tarehe, niipeleke kwa mkono na nakala yangu igongwe muhuri, ndipo nielekee ofisi ya mapato? Je, naweza kuulizia kumbukumbu zangu tu, bila swali hilo kugeuka kuwa mashtaka dhidi yake? Siku za kuwasilisha ritani zinakaribia.

Na mdogo wangu, nimwambie kabla au baada?

Wako msomaji,
Kaka Aliyekwama