Samaki wadogo au wafanyabiashara wadogo?

Mhariri,

Mwezi uliopita tangazo la mafunzo ya biashara lilibandikwa kwa Kiingereza mwaloni Kibirizi, samaki wanakoshushwa na kuuzwa. Lilisema mafunzo ni kwa "small fish traders". Kijana aliyeombwa kulisoma akawaambia kina mama wanaotakiwa ni wauza dagaa. Wauza migebuka na kuhe, samaki wakubwa kuliko dagaa, wakarudi kwenye meza zao. Siku ya mafunzo ndipo tukajua waliokusudiwa ni wenye mtaji mdogo, wawe wanauza dagaa au migebuka. Dada yangu, mwenye meza moja ya migebuka, alikosa nafasi.

Kijana yule nilimfundisha mimi, kwa hiyo simlaumu. Maneno yote matatu aliyajua. Ambacho sikumfundisha ni kuuliza "small" ni sifa ya nani: ya samaki au ya mfanyabiashara? Kiingereza huyapanga maneno hayo bila kiungo, na kivumishi chake hakibadiliki umbo kufuata nomino. Mwandishi makini anayemaanisha wauza samaki wadogo huweka kistari kati ya "small" na "fish", ila wengi hawakiweki, hivyo huwezi kukitegemea.

Sisi tukisema "kikapu cha samaki kikubwa" au "kikapu cha samaki wakubwa", kiambishi kinatosha kuonyesha kilicho kikubwa. Nakiri nasi tuna mitego yetu. "Mtoto wa mwalimu mgonjwa": anayeumwa ni nani? Wote wawili ni ngeli moja, na kiambishi hakisemi.

Hata neno moja linaweza kupotosha. "Sanction" ni kuidhinisha, na pia ni kuadhibu. Aliyekariri maana moja ataisoma barua ya ofisi kinyume kabisa.

Watoto wetu husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha kidato cha kwanza karibu masomo yote yanageuka Kiingereza, nasi tunawapa orodha za misamiati wakariri. Siku hizi kila Ijumaa nawapa wangu sentensi moja waitafsiri kwa maana mbili, na nawaomba walimu wenzangu wajaribu. Nazo ofisi zinazoleta matangazo mwaloni ziyaandike kwa Kiswahili, hata kama fedha za mradi zimetoka nje. Tumeambiwa kuna awamu ya pili ya mafunzo, na tangazo lake bado halijabandikwa.

Mwalimu wa Kiingereza,
Ujiji, Kigoma