Risala ya Wapanda Miti ya Mbao kwa Mgeni Rasmi

Ndugu Mgeni Rasmi, viongozi wa kikundi, wageni waalikwa, mabibi na mabwana,

Kwa heshima na taadhima tunakukaribisha kitaluni kwetu. Umekubali kuinama na kuishika miche kwa mikono yako, nasi tumefarijika sana.

Ndugu Mgeni Rasmi, msimu uliopita tuta zima la misonobari liliangushwa na kinyausi, ugonjwa wa kuvu unaoozesha shina la miche michanga. Jioni miche ilikuwa wima. Asubuhi tuliikuta imelala, shina limenywea usawa wa udongo, jembamba kama uzi. Tulipunguza maji na kivuli, ikasaidia kiasi. Nafuu kubwa ilikuja tulipochanganya trikoderma kwenye udongo kabla ya kusia mbegu. Kuvu hii huwinda kuvu za magonjwa: hujisokota kwenye nyuzi za kuvu hizo, huyeyusha kuta zao na kujilisha humo. Sisi tuliozoea kuona kila ukungu ni adui, ilituchukua muda kuamini.

Miti ikikua, hatari huhamia kwenye visiki. Katika misitu ya misonobari ya Ulaya, vijimbegu vya kuvu iitwayo heterobasidioni hutua juu ya kisiki kibichi wakati wa kupunguza miti, huteremka mizizini, kisha huvuka hadi mti jirani pale mizizi inapogusana. Mtafiti wa Uingereza, John Rishbeth, alichapisha mwaka 1963 kazi yake ya kupandikiza kwenye visiki kuvu nyingine, flebiopsisi, ambayo huozesha kisiki na kuiacha miti iliyosimama. Ikiwahi, adui hukuta nafasi imeshachukuliwa. Ndiyo maana kisiki hupakwa mara tu mti unapokatwa. Kesho yake umechelewa.

Ndugu Mgeni Rasmi, dawa hii ya trikoderma ni kiumbe hai, na hapo ndipo tunapokwama. Pakiti zetu za kwanza zilikuwa zimekaa kwenye joto muda mrefu. Tulizitumia kwa matumaini, miche ikaendelea kufa. Wengine wetu walichanganya na dawa ya kuua ukungu, wakaiua kuvu waliyoinunua.

Tunaomba utusaidie kupata jokofu la kuhifadhia dawa hizi, na mtaalamu wa kutupimia udongo na mizizi ili tujue tunapambana na ugonjwa gani kabla ya kununua chochote. Mafunzo ya kupaka visiki tutayagharamia wenyewe.

Baada ya risala hii, tafadhali ufuatane nasi hadi tuta la tatu, ukaone miche iliyopona.

Tunaomba kuwasilisha.