Kwa mdogo wangu, kuhusu ile chupa ya urujuani

Mdogo wangu,

Mama ameniambia unalalamika kwamba nimekususa kwa sababu ya chupa ya chumvi. Nakuandikia hapa mbele za watu kwa kuwa ujumbe wangu hujibu, simu zangu hupokei, na najua ukurasa huu huwa unaupitia kimyakimya. Wasomaji wengine watanivumilia. Nataka ujue ulimwaga nini.

Rafu ya juu ya kabati la Baba unaikumbuka. Zile chupa mbili ndogo zilikaa pale tangu tuko wadogo, zikiwa na vizibo vya raba na lebo zenye mwandiko wake wa kulalia kushoto. Lebo zote mbili zilisema kitu kilekile: CoCl₃·4NH₃, yaani kobalti moja, kloridi tatu na amonia nne. Moja ilikuwa ya kijani, nyingine ya urujuani. Siku tulipokuwa tunapanga vitu vyake uliishika ile ya urujuani, ukailinganisha na mwenzake, ukasema, "Hii imeshaharibika, haifanani na nyingine." Nilikuwa mlangoni na maboksi mikononi. Nikakuambia subiri. Ulinisikia, maana uligeuka ukanitazama kabla hujafungua bomba. Fuwele chache zilinasa kwenye ukingo wa sinki, maji yakazifikia, ukashuka mchirizi wa zambarau mpaka kwenye tundu. Halafu ukaisuuza chupa vizuri na kuiinamisha ikauke.

Kobalti haimwagwi kwenye sinki, ni sumu, na wewe ni mwalimu wa kemia. Hilo naliacha. Siwezi kuliacha lile neno "imeharibika".

Chupa ile haikuharibika. Ilikuwa na kobalti ileile, kloridi zilezile, amonia zilezile, kwa idadi ileile kama ile ya kijani. Kilichotofautiana ni mahali kila kimoja kilipokaa. Baba alitufundisha hayo kwa vijiti na vidonge vya udongo, kabla hata hatujajua kuandika neno metali. Mkemia Alfred Werner alikuwa na miaka 26 tu mwaka 1893 alipotoa hoja kwamba metali hizi zina aina mbili za kufunga: chaji yake inalipwa na ayoni (chembe zenye chaji, kama kloridi), halafu kuna nafasi maalumu kuizunguka, ambazo kwa kobalti ni sita. Kilichokaa kwenye zile nafasi sita hakitoki kirahisi. Ndiyo maana ukimimina nitrati ya fedha kwenye kloridi ya kobalti yenye amonia sita, kloridi zote tatu zinashuka kama mashapo meupe. Yenye amonia tano inatoa mbili. Yenye amonia nne, yaani hizo chupa zetu, inatoa moja tu, kwa sababu mbili zimeishikilia kobalti yenyewe.

Sasa zipange hizo nafasi sita. Ukizipanga bapa kwenye pembe za hexagoni, kloridi mbili na amonia nne zinaweza kukaa kwa namna tatu. Ukizipanga kwenye mche wa pembetatu, ni tatu vilevile. Ukizipanga kwenye oktahedroni, umbo la nyuso nane lenye pembe sita, ni mbili tu: kloridi ziwe jirani au zitazamane. Kijani ni zinazotazamana. Urujuani ni jirani.

Na hiyo ya urujuani ndiyo iliyomsumbua Werner miaka yote ile. Mpinzani wake, Sophus Mads Jørgensen wa Copenhagen, alikuwa fundi wa maabara wa kiwango cha juu kabisa, na sehemu kubwa ya kampaundi ambazo Werner alizitolea maelezo zilitoka mikononi mwa Jørgensen. Yeye aliamini amonia zinaungana kwa mnyororo. Jozi ya kijani na urujuani ilikuwa inajulikana kwa kampaundi zenye ethilini-diamini, molekuli inayoishika metali kwa ncha mbili badala ya amonia mbili, lakini Jørgensen alisema tofauti hiyo inatokana na ile ethilini-diamini yenyewe. Kama Werner ana haki, alete ya urujuani yenye amonia tupu. Haikupatikana mpaka mwaka 1907. Ilipopatikana, mzee yule aliyetetea nadharia yake kwa miaka mingi alikubali kwamba ameshindwa kwa hoja. Mwaka 1913 Werner akapata Tuzo ya Nobel.

Hiyo ndiyo chupa uliyoimwaga. Baba aliitengeneza mwenyewe, na si kazi rahisi. Ya kijani huja kwa hiari yake. Ya urujuani lazima uibembeleze.

Usidhani nakuona mjinga. Wewe ndiye ulikuwa na mkono mtulivu kuliko mimi. Nakukumbuka ukidondosha amonia kwenye mmumunyo wa salfeti ya shaba, tone moja moja, ulimi umetoka kidogo pembeni mwa mdomo. Kwanza ukaja ule ukungu wa samawati hafifu, hidroksidi ya shaba, mimi nikapiga kelele kwamba umekosea. Wewe hukuniangalia. Ukaendelea kudondosha mpaka ukungu ukapotea na neli yote ikawa bluu nzito, bluu ambayo sijaiona mahali pengine. Baba hakusema kitu, alikupa tu neli ukae nayo. Niliona wivu wakati ule. Leo nikilikumbuka tukio hilo nakupenda, na papo hapo nauliza: mtoto yule aliyejua kungoja alikwenda wapi siku ile kwenye sinki?

Mwanafunzi wako mmoja amenionyesha muhtasari unaowapa. Umeandika: kobalti ni waridi, shaba ni bluu, nikeli ni kijani, kariri. Mdogo wangu, hapana. Kobalti ni waridi ikizungukwa na molekuli sita za maji. Mwagia asidi hidrokloriki kali, maji yaondoke na kloridi nne zichukue nafasi, inakuwa bluu. Metali ni ileile. Shaba nayo: salfeti yake ikikauka kabisa ni nyeupe, irudishie maji ni bluu. Waambie watoto kwamba metali ya mpito, kama hizi, ina obitali tano za d, yaani vyumba vya elektroni, na ligandi sita (molekuli au ayoni zinazoishika metali) zinapoizunguka kwa umbo la oktahedroni, obitali hizo zinagawanyika kwa nishati: tatu zinashuka, mbili zinapanda. Pengo lililo kati yao ndilo linaloamua nuru ipi imezwe. Titani yenye elektroni moja ya d, ikiwa ndani ya maji, inameza nuru ya karibu nanomita 500, kijani, na macho yetu yanabaki na zambarau. Ligandi zenye nguvu kama sianidi zinapanua pengo, kloridi inalibana. Zinki haina rangi kwa sababu obitali zake tano zimejaa elektroni kumi, hakuna nafasi ya kurukia.

Na waonye wasilitumie pengo hilo kwa kila rangi. Pamanganeti ina zambarau kali, lakini manganizi iliyomo haina hata elektroni moja ya d. Pale ni elektroni za oksijeni zinazohamia kwenye manganizi nuru ikipiga. Mtoto akiuliza swali hilo, usimnyamazishe kwa sababu haliko kwenye muhtasari. Sisi hatukunyamazishwa.

Utasema mimi si mwalimu wa darasa la watoto wengi, sijui shida zako. Sijui, kweli. Lakini kuna kitu kingine wewe hukijui, kwa sababu hukuwepo.

Wakati wa matibabu, muuguzi alipotundika dripu, Baba aliuliza jina la dawa. Sisiplatini, dawa ya saratani. Akaniomba kalamu. Nyuma ya bahasha ya majibu akachora platinamu katikati, kloridi mbili upande mmoja, amonia mbili upande wa pili, mraba ulionyooka licha ya mkono kutetemeka. Akagonga kwa ncha ya kalamu pale kloridi zilipokaa jirani. Nikaelewa. Kampaundi hiyo Michele Peyrone aliitengeneza mwaka 1844, na kwa zaidi ya miaka mia moja hakuna aliyejua inaweza kutibu. Mwaka 1965 Barnett Rosenberg na wenzake, Marekani, walipitisha umeme kwenye bakteria kwa elektrodi za platinamu, wakaona bakteria wanarefuka bila kugawanyika. Chanzo hakikuwa umeme, kilikuwa kompleksi za platinamu, yaani platinamu iliyozungukwa na ligandi, zilizojitengeneza ndani ya mmumunyo. Mwaka 1978 dawa ikaidhinishwa kule. Kwenye damu kloridi ni nyingi, kwa hiyo zile mbili za dawa zinabaki mahali pake. Ndani ya seli kloridi ni chache, maji yanazing'oa, na platinamu inajifunga kwenye guanini mbili, moja ya herufi nne za DNA, zilizo jirani kwenye DNA hiyo. Seli inashindwa kugawanyika. Chukua atomi hizohizo, weka kloridi zitazamane, na hiyo haitumiki kama dawa, maana haiwezi kuzifunga guanini mbili jirani namna hiyo.

Haikumponya Baba. Ilitupa muda. Ndani ya muda huo alinizungumzia zile chupa mbili, akasema hakuna kitu alichofanya kwa mikono yake kinachoeleza vizuri zaidi kilichokuwa kinaingia kwenye mshipa wake. Nami niliposhuka na maboksi yale nilikuwa naja kuzichukua zote mbili.

Kwa hiyo ndiyo, nilikupigia kelele mbele ya shangazi na wajomba. Watu wamesema dada mkubwa hakupaswa, siku za msiba si siku za kugombana. Mimi nasema nilikuambia subiri, nikakuambia kwa sauti ya kawaida kwanza, na ulinisikia. Niliyekaa na Baba nilikuwa mimi. Niliyejua ile chupa ni nini nilikuwa mimi. Kama ningenyamaza, leo ungekuwa unaamini umetupa takataka, na kila mwaka ungesimama mbele ya darasa kufundisha kwamba rangi ni jambo la kukariri.

Bahasha ninayo. Nitakupa nakala yake ukiitaka, maana Baba alikuwa wako pia, na mraba ule ungekufaa darasani kuliko kitu chochote nilichoandika hapa. Na ukiamua kuitengeneza upya ile ya urujuani, anza na ya kabonati: kabonati moja inashika nafasi mbili za jirani, haiwezi kufika upande wa pili, kwa hiyo mpangilio unakuwa umeshaupata kabla ya kloridi kuingia. Fanya kwa baridi, na maji yawe machache. Mkono wako unaweza. Wangu hauwezi, nimejaribu nikapata kijani.

Ukijibu, nijibu mimi mwenyewe. Mama mwache apumzike.

Dada yako