Tuhesabu kereng'ende, na sifuri nayo iandikwe

Mhariri, habari za kazi. Mimi ni mama mkulima wa mpunga huku bonde la Luiche, naishi Ujiji, gazeti lenu nalisoma siku nyingi ila kuwaandikia ndo leo, na kilichonisukuma ni kereng'ende. Hawahawa watoto wanaowaita helikopta na kuwafunga uzi mkiani.

Mwaka jana mwalimu jirani yangu alianza kumfundisha binti yangu kuwahesabu kwenye mfereji wa mashamba, na mie nikajikuta nimeingia. Gharama yake daftari na kalamu. Mnachagua kipande kimoja cha ukingo, sisi ni kuanzia daraja la magogo mpaka mchikichi mkubwa, kila Jumamosi ni hapohapo, kati ya saa nne na saa nane jua likiwa limewaka maana kukiwa na baridi au mawingu wengi hawaruki, mnatembea polepole mnapiga vijiti daftarini, vinne vya wima na cha tano mnakikatisha, kereng'ende wanene upande huu, wembamba upande ule. Mnene akitua anaacha mbawa zimetanuka kama ndege ya abiria, macho yake makubwa aina nyingi yanakaribia kugusana. Mwembamba mara nyingi anazikunja juu ya mgongo na macho yake yamekaa mbalimbali, moja huku jingine kule. Majini hamna haja ya kuingia, na jamani msiingie, huku kwetu kuna kichocho na sehemu nyingine mamba.

Sasa watu wananiuliza mama unahesabu wadudu ili iweje. Yani kereng'ende tunayemwona anaruka ni wa siku za mwisho tu, utoto wake wote kaumalizia chini ya maji, wengine wiki chache, wengine miezi, wengine hata miaka, huko anakula viluwiluwi vya mbu na vidudu vingine. Siku moja alfajiri nimeenda kufungulia maji shambani nikamkuta mmoja anatoka. Kapanda kwenye jani la mpunga, ganda limepasuka mgongoni, anajivuta taratibu, mweupe mweupe laini kabisa, mbawa zimejikunja kama mfuko wa nailoni uliofinyangwa, nikachuchumaa pale mpaka zikanyooka na kuanza kung'aa, maji nikayasahau yakajaa jaruba la jirani. Ganda tupu likabaki limeng'ang'ania jani, binti yangu kalihifadhi kwenye kiberiti. Kwahiyo mnyama wa hivyo maji yakiharibika hana pa kukimbilia, na sisi tunaochota maji yaleyale tutajuaje? Maabara iko mbali na kipimo ni hela.

Hilo ndo lililotukuta. Juu kidogo ya kipande chetu watu walianza kuosha bodaboda, povu linashuka na oili inaelea inatoa rangi rangi. Nilimwona kereng'ende jike anagusagusa mkia kwenye tangi la pikipiki iliyopaki juani, anataga! Ule mng'ao anaudhani maji. Kwenye mfereji, wale wembamba wakaanza kupungua Jumamosi hadi Jumamosi, wanene bado wapo wachache, halafu ikafika siku mwembamba hakuna hata mmoja. Binti akafunga daftari, "Mama leo hakuna kitu, tusiandike." Nikamwambia andika sifuri mwanangu, weka na tarehe.

Mhariri hapo ndo nataka wasomaji wanisikie. Watu wengi wanaandika siku wameona wengi, siku hawajaona wanarudi nyumbani kimya, mwisho wa mwaka daftari linaonyesha mto mzima kumbe umekufa. Bila zile sifuri nisingekuwa na la kumwambia mwenyekiti wa mtaa, maana sabuni peke yake siwezi kuapa kwamba ndo sababu, ila tarehe ninazo na sasa angalau tunaongea na vijana wahamishie kuosha mbali na maji.

Wenzetu hili wameshalifanyia kazi. Uingereza wana chama cha kereng'ende tangu 1983 na rekodi nyingi zinaletwa na watu wa kawaida tu, wastaafu, wanafunzi. Afrika Kusini wametengeneza kipimo kabisa, kila aina ya kereng'ende inapewa alama kuanzia 0 mpaka 9, wale wanaovumilia popote alama ndogo, wale wanaotaka maji safi na hawapatikani hovyo alama kubwa, ukipiga wastani unajua hali ya mto wako.

Na kuna yule wa manjano kama dhahabu anayekuja kwa makundi na mvua, kitaalamu Pantala flavescens. Mwaka 2009 Charles Anderson, aliyekuwa anawaona kila mwaka wakipita visiwa vya Maldives, aliandika kwamba wanavuka bahari ya Hindi kutoka India kuja huku kwetu Afrika Mashariki. Mdudu mdogo vile! Sasa sisi tunayo reli, Kigoma, Uvinza, Nguruka, Kaliua, Urambo mpaka Tabora, kila stesheni ina mto, bwawa au dimbwi karibu. Msomaji mmojammoja kila kituo akihesabu Jumamosi ya kwanza ya mwezi kuanzia mvua zinapoanza, tungewaona wanavyofika, mwezi kwa mwezi, na tungejua na maji ya nani yamechoka.

Ombi langu ni kona ndogo ya ukurasa mara moja kwa mwezi, jina la mahali, tarehe, wanene wangapi, wembamba wangapi, basi. Nimeambatanisha nakala ya daftari letu muanzie nayo. Ukurasa wa mwisho una sifuri tatu zimefuatana, mkikosa nafasi punguzeni maneno yangu ila hizo msizitoe.

Mama mkulima,
Ujiji, Kigoma