Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Nani Anaishi Kijijini Kwetu?

Ndugu wanachama,

Hesabu za ada na michango ya misiba amekwisha kuzieleza mweka hazina, nami sitazirudia. Mwaka huu nimeona ni wajibu wangu kuzungumzia watu wenyewe wa kijiji chetu: kama wanaongezeka, wanaishi kwa kipato gani na wametoka wapi.

Sensa ya Agosti 2022 ilihesabu watu 1,861,934 mkoani Kilimanjaro, kutoka 1,640,087 mwaka 2012. Hilo ni ongezeko la wastani wa asilimia 1.3 kwa mwaka, wakati Tanzania nzima iliongezeka kwa asilimia 3.2. Si kwamba hatuzai. Watoto wetu wanahama, na sababu anaijua kila aliyewahi kugawana kihamba, yaani shamba la urithi la familia, na kaka zake, akaona masale ya mpaka yakipandwa ndani ya masale mengine hadi mrithi akabaki na nyumba ya wazazi na migomba ya kuhesabika. Ikumbukwe pia kwamba sensa humhesabu mtu alikolala usiku wa kuamkia siku yenyewe. Laiti ingefanyika usiku wa Krismasi, tungesomeka tofauti kabisa.

Kuhusu kipato, wazee wetu waliunda chama chao cha wakulima wa kahawa mwaka 1925, kikafuatiwa na KNCU, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, mwaka 1933, na wengi wetu tulisomeshwa kwa kahawa. Baada ya mfumo wa kuzigawia nchi kiasi cha kahawa cha kuuza katika soko la dunia kuvunjika mwaka 1989, bei iliporomoka, na wengi waling'oa mibuni. Leo kaya nyingi za kijijini huishi kwa ndizi, maziwa, parachichi kidogo na fedha zinazotumwa kwa simu. Oktoba nilikaa karibu saa nzima kwa wakala wa pale sokoni, nikawaona kina mama wazee wakifungua leso, wakitoa simu na kumkabidhi kijana awasomee ujumbe. Kipato cha namna hiyo hakitokani na shamba, na kitadumu kwa kadiri watakavyodumu wanaokituma.

Suala la asili ndilo gumu zaidi. Baada ya sensa ya 1967 serikali haikuuliza tena kabila, nami naona ni busara, ila kwa sababu hiyo hatuna jedwali la kutazama. Badala yake tunao mfereji wetu wa maji, ambako watu wa kijiji huonana. Siku ya kuuzibua, walioshika majembe wengi walikuwa watunzaji wa vihamba vyetu na jamaa zao, watu waliotoka Upareni, Singida na kwingineko, ambao watoto wao wamezaliwa hapa. Mmoja wa watoto hao alinisalimia kwa Kichagga fasaha. Wajukuu zangu wa Dar es Salaam, nakiri, hawajui kuitikia.

Hata hivyo, katiba yetu inawahesabu wajukuu zangu kuwa wanastahili uanachama, na mtoto yule haimtambui. Baba yake hubeba majeneza yetu, lakini akifiwa yeye, mfuko wetu haumhusu. Kamati imeliangalia jambo hili katika vikao viwili, haikuafikiana kwa kauli moja, na kwa wingi wa kura inapendekeza kifungu cha uanachama kirekebishwe ili kimwingize kila mkazi wa kijiji anayelipa ada, bila kujali asili yake. Hoja hiyo itapigiwa kura katika mkutano huu, na kila tawi linaombwa liwe na msimamo wake tayari.

Mwenyekiti